Spectrum 48K: ungepewa uitengeneze upya kwa bei ya 1982, ungegusa wapi?

upanga_stoo

Wadau habari za jioni. Baba mdogo alirudi kutoka Uingereza 1996 na vitu vyake kwenye makasha, na kwenye kasha moja lililokaa stoo Upanga miaka yote hii nimekuta ZX Spectrum 48K, kompyuta ya nyumbani ya Sinclair ya 1982, ile nyeusi ndogo yenye vitufe vya mpira na mistari ya upinde wa mvua kwenye kona. Chumvi ya bahari ilishaanza kula meno ya soketi ya nyuma lakini bodi nzima kabisa. Nimeisafisha, nimebadilisha kapasita, ule utepe wa keibodi ulikatika nilipougusa tu, umekauka kama kuti, nikaagiza mpya, na lile kopo la RF, la kupeleka picha kwa njia ya antena, nimeliruka nikatoa video moja kwa moja kwenda kwenye TV. Ikawaka. Pale chini ya skrini ikaandika 1982 Sinclair Research Ltd, nilikaa naiangalia kama dakika 5 sijagusa kitu.

Sasa sikilizeni. Nina mpwa wangu yuko darasa la 6, ameipenda kuliko simu. Anachora picha kwenye daftari la hesabu, lile lenye visanduku, kila kisanduku pikseli moja, afu tunaziingiza kwa namba. Juzi amechora daladala jeupe lenye mstari wa kijani, linatembea linapita mbele ya mnazi. Likifika kwenye mnazi yale majani yanageuka rangi ya gari, kipande kwa kipande, na likishapita yanabaki na alama za visanduku mpaka uyapake upya. Akaniuliza mjomba kwa nini mnazi unachafuka. Nikamweleza kwamba kila kisanduku cha pikseli 8 kwa 8 kinaruhusu rangi 2 tu, moja ya wino moja ya karatasi. Akasema basi walikosea.

Hilo neno limenikaa kichwani. Nataka kutengeneza bodi mpya, Z80 ya kweli, yaani prosesa yake, na FPGA ndogo, chipu unayoipanga mwenyewe, ishike nafasi ya ULA, ile chipu inayochora skrini, ili yeye na wenzake watatu wa mtaani wawe na yao na hii ya baba mdogo ipumzike. Nikishatengeneza bodi mwenyewe naweza kubadili chochote, lakini sitaki iwe mashine nyingine. Kwa hiyo nimejiwekea sheria: mabadiliko yawe yale ambayo Sinclair wenyewe wangeweza kuyafanya pale Cambridge 1982 bila bei kupanda sana. Yenye memori ya 16K ilikuwa pauni 125, ya 48K pauni 175, wakati kompyuta shindani, BBC Micro Model B, ilikuwa 399. Nyie mngegusa wapi, na wapi msingegusa kabisa?

fundi_gerezani

Mkuu hongera kwa kuiokoa. Mimi naanzia kwenye umeme, maana huko ndiko zinakofia.

Adapta yake ni volti 9 lakini katikati ya pini ni NEGATIVU. Adapta karibu zote ulizonazo nyumbani, za ruta, za king'amuzi, katikati ni positivu. Mteja aliniletea moja, nami nikachomeka adapta ya ruta iliyokuwa mezani sikuangalia ile alama ndogo, na mashine ikaondoka na nusu ya memori. Nililipa, na mpaka leo kila pini mpya naipima kwa mita kabla haijagusa kitu.

Na ubaya wake ni huu, zile aisii 8 za memori ya chini, za 16K, ni 4116, zinataka umeme wa aina tatu: 12, 5, na hasi 5. Hiyo 12 na hasi 5 inatengenezwa na kisakiti kidogo chenye koili na transista TR4. TR4 ikifa hasi 5 inapotea, na 4116 bila hasi 5 zinaungua moja baada ya nyingine huku unaangalia. Ndiyo maana ukiletewa iliyokufa usibadilishe memori kwanza, pima hasi 5 kwanza, la sivyo utaua na hizo mpya.

Diodi moja kwenye mlango wa umeme ingezuia msiba wote huo. Moja tu. Ile regyuleta yake, 7805, haihitaji volti 9 kamili ili itoe 5, kwa hiyo hata hilo tone la diodi isingelisikia. Ningeanza na hiyo, na kwenye bodi yako weka memori za volti 5 peke yake usahau habari ya koili.

Halafu joto. Hiyo 7805 na bati lake inapasha mpaka keibodi, kwa joto la Januari hapa kwetu kaskazi inavuma usiweke mkono. Weka regyuleta ya kisasa, hapo usisikilize sheria yako.

z80_mkongwe

Marahaba kwa mliokwisha kuamkia na mtakaoamkia. Mimi nimeandika kodi ya Z80 miaka mingi na nataka nimtetee aliyebuni ile skrini, maana huyo mtoto ana haki ya kuuliza ila jibu si kwamba walikosea.

Piga hesabu. Picha ni pikseli 256 kwa 192, hiyo ni baiti 6144. Rangi ni visanduku 32 kwa 24, baiti 768. Jumla 6912. Sasa kumbuka mashine yenyewe ilikuwa inauzwa na 16K pia, na skrini inakaa ndani ya hizo 16K. Ukitoa 6912 unabaki na 9472, na hapo bado mashine haijachukua sehemu yake ya kuweka kumbukumbu zake. Ukisema kila mstari wa pikseli uwe na rangi yake, rangi zinakuwa baiti 6144 nyingine, skrini nzima 12288, mwenye 16K anabaki na 4096. Programu gani utaandika humo?

Na kasi. Skrini inachorwa mara 50 kwa sekunde, na kati ya mchoro mmoja na mwingine Z80 ina mapigo 69888. Amri ya kuhamisha baiti, LDIR, inakula mapigo 21 kwa kila baiti. Kuhamisha skrini nzima ya sasa ni mapigo 145152, yaani zaidi ya michoro miwili. Hiyo ya 12288 ni 258048, karibu michoro minne. Na hapo sijahesabu kwamba ULA ikiwa inasoma picha inaisimamisha Z80 kila ikigusa zile 16K za chini. Daladala la mpwa wako lingekuwa na rangi safi ila lingetembea kama liko kwenye foleni ya Ubungo.

Kitu kingine wanachokilalamikia ni mpangilio wa mistari kwenye memori, ule uliokatwa mafungu matatu, ukiangalia mchezo unapakiwa kutoka kwenye kaseti unaona picha inajaa kwa kuruka ruka mistari, fungu la juu, la kati, la chini, afu rangi zinamwagika mwishoni. Watu wanaona ni ovyo. Sio ovyo. Ukitaka kushuka mstari mmoja ndani ya herufi unaongeza 256 kwenye anwani, yaani INC H, amri moja, mapigo 4. Kuandika herufi kunakuwa rahisi mno. Na upande wa ULA, anwani ya baiti ya picha na anwani ya baiti ya rangi yake zina biti 8 za chini zinazofanana, kwa hiyo inaipa memori nusu ya anwani mara moja tu na kusoma zote mbili haraka haraka. Yule mbunifu, Richard Altwasser, kwenye mpangilio mmoja amepata vitu viwili. Hapo usiguse.

kigamboni_pantoni

Mzee z80_mkongwe shikamoo. Nakubali yote ila kuna kitu kati ya 8 kwa 8 na 8 kwa 1, yaani kila mstari na rangi yake, umekiruka.

ULA inasoma baiti ya rangi KILA mstari wa pikseli. Inasoma ile ile mara 8 mpaka ivuke kisanduku. Maana yake kazi ya kusoma imeshalipiwa tayari, kinachokosekana ni memori tu. Timex walipotengeneza ya kwao Marekani, TS2068, waliweka hiyo ya 8 kwa 1 na ikafanya kazi, rangi zikiwa kuanzia anwani 6000 heksa (namba za msingi wa 16), biti zile zile za chini.

Sasa vipi 8 kwa 4? Unakata kila kisanduku mara mbili kwa kulala. Rangi zinakuwa 1536, skrini nzima 7680. Umeongeza baiti 768, basi. Mwenye 16K anabaki na 8704 badala ya 9472. Kwa macho tofauti ni kubwa, maana vitu vingi tunavyochora vinabadilika rangi kutoka juu kwenda chini, kichwa na shati, paa na ukuta. Upanga, mwambie mpwa wako achore daladala lake kwenye daftari lile lile na apige mstari wa kalamu nyekundu kila baada ya visanduku vinne, ataona mwenyewe.

z80_mkongwe

Marahaba kijana. Hilo la 768 sina cha kulipinga. Nimekaa nalo tangu asubuhi natafuta tundu, sijaliona. Fungu la rangi lingekuwa mara mbili na anwani ingepokea biti moja zaidi ya mstari, biti 8 za chini zinabaki kama zilivyo. Wangeweza.

Ila niseme na langu sasa, maana mmenichokoza. Kama kuna kosa la kweli kwenye mashine ile, kosa lisilo na kisingizio cha bei, liko kwenye ROM, memori ya kudumu yenye programu ya mashine yenyewe. Nenda anwani 0066, hapo ndipo Z80 inaruka ukiipiga kwa NMI, ishara ya kuikatiza ambayo haiwezi kuikataa. Aliyeandika alitaka hivi: angalia kwenye 23728 kama mwenye mashine ameweka anwani yake, kama ipo ruka huko, kama ni sifuri rudi ulikotoka. Kwenye 006D ameweka 20 heksa, JR NZ, yaani rudi kama SI sifuri. Ilitakiwa 28, JR Z, rudi kama NI sifuri. Kwa hiyo ukiweka anwani yako haiendi, na usipoweka inaruka kwenye sifuri, mashine inajizima na kuanza upya, kazi yako yote imekwenda. 20 na 28 zinatofautiana BITI MOJA. Biti moja ingempa kila mtoto kitufe cha kuokoa programu iliyoganda. Na si kwamba nafasi ilikuwa imeisha, maana humo humo kwenye ROM, kuanzia 386E mpaka 3CFF, kuna baiti 1170 tupu, zimejazwa FF. ROM iliondoka haijamaliziwa.

kkoo_mtaa

Mimi spika. Sauti moja ya biti moja, na ikilia Z80 haifanyi kingine. Spectrum ya 128K ilipokuja wakaweka chipu ya sauti ya AY watu wakapumua. Na soketi ya joistiki jamani, kila mtu alikuwa ananunua ya kuchomeka nyuma. Hayo tu.

sinza_kumekucha

Nimesoma thread yote mara mbili, naombeni nafasi niongelee keibodi maana naona mnazunguka kila kitu isipokuwa kile ambacho mtoto anakigusa.

Kila mtu anasema ile ya kubonyeza kitufe kimoja neno zima linatokea ni mbovu, P inaleta PRINT, G inaleta GO TO, J inaleta LOAD, na ukitaka mengine mpaka ubonyeze CAPS SHIFT na SYMBOL SHIFT kwa pamoja afu utafute neno limeandikwa juu ya kitufe au chini. Mimi nafundisha watoto kodi Jumamosi na nawaambia hivi, kinachowaangusha wiki ya kwanza ni spelingi. Mtoto anaandika PIRNT, mashine inamkatalia, na hajui kosa liko wapi kwa sababu neno lenyewe si la lugha yake. Spectrum haina hilo tatizo kabisa. Neno haliandikwi, linachaguliwa, na mstari wenye kosa haupokelewi mpaka urekebishwe, unawekewa alama ya kuuliza pale pale penye kosa. Steve Vickers na wenzake walioandika ROM yake walibana hivyo kwa sababu za kwao za memori na vitufe 40 vya mpira, lakini kwa mtoto wa darasa la 6 Dar es Salaam ni msaada mkubwa.

Sasa fikirini mbele kidogo. PRINT kwenye memori si herufi 5, ni baiti moja, namba 245. Kwenye kaseti pia ni 245. Maneno yote yako 91, kuanzia 165 mpaka 255, na herufi zake zimeandikwa mahali pamoja tu ndani ya ROM, orodha inaanza 0095 heksa, kila neno herufi yake ya mwisho imewashwa biti ya juu kuonyesha hapa ndio mwisho. Ukibadilisha herufi kwenye ile orodha, 245 inabaki 245, mashine inafanya kazi ile ile, ila kwenye skrini inaandika ulichoweka wewe.

Iandike ANDIKA.

Kitufe ni P bado, mnaandika ANDIKA kwenye stika juu yake. Programu ya zamani ya Kiingereza ukiipakia kutoka kwenye kaseti na kuilist inajitokeza kwa Kiswahili, na ya mpwa wako akimtumia mtoto wa Manchester huko inatokea kwa Kiingereza. Hakuna kutafsiri chochote. Tatizo pekee maneno yetu ni marefu, PRINT 5 ANDIKA 6, LIST 4 ORODHA 6, orodha haitatosha pale ilipo. Lakini mzee ametuambia ziko baiti 1170 tupu. Gawanya kwa 91, ni herufi 12 na ushee kwa kila neno. Inatosha na kubaki. Unahamishia orodha kule, na ile sehemu inayoisoma unaiambia ianzie 386E badala ya 0095.

z80_mkongwe

Binti yangu, sehemu inayoisoma iko 0C10, ni LD DE tu, amri inayobeba anwani ya orodha, unabadilisha baiti mbili. Nimeisoma ROM ile tangu sina mvi na sikuwahi kuliona hilo. Asante.

upanga_stoo

Jamani. Nimesoma haya nikiwa kwenye mwendokasi nikapitiliza kituo.

Jumamosi tumekaa na mpwa. Kwanza daftari, tumepiga ile mistari nyekundu ya kigamboni_pantoni. Paa la daladala likaangukia kisanduku cha juu, mstari wa kijani cha chini, na majani ya mnazi yakapata nusu yake ambayo gari haliigusi. Matairi bado yanagombana na barabara lakini hayo amesema atayapaka meusi yote yaishe. Kwa hiyo 8 kwa 4 inaingia, ila nitaweka iwake kwa amri, mashine ikiamka iwe 8 kwa 8 kama ya baba mdogo ili michezo ya zamani isivurugike. Mpangilio wa mistari siugusi. Diodi ipo. Memori za volti 5. Na biti ya mzee kwenye 006D ipo, na kitufe cha NMI kiwe chekundu, kiwe pembeni mahali ambapo mkono haupiti kwa bahati mbaya.

Afu tukakaa na maneno. Nilidhani tutamaliza kwa saa moja, tumemaliza maneno 31 tu mpaka magharibi. Mengine yalikuja yenyewe, NENDA, KAMA, BASI, ULIZA, RUDI, CHORA, DUARA, SUBIRI. INK ni WINO, PAPER ni KARATASI. BEEP mimi nilisema MLIO yeye akasema LIA, kwa sababu ni amri unaiambia mashine, na kweli akaweka 10 LIA 1,0 akacheka ilivyolia. FOR na NEXT zimetushinda, tumejaribu RUDIA, tumejaribu TOKA, tunaziacha kwanza, mwenye wazo alete.

BORDER ndiyo iliyonipa furaha. Niliweka UKINGO. Mama yake alikuwa anapita na beseni la nguo, akaangalia ile skrini, rangi moja pembeni pote na nyingine katikati, akauliza hii si kanga hii? Mpwa akafuta UKINGO akaandika PINDO.

Nimechoma EPROM, chipu ya ROM unayoiandika mwenyewe, jana usiku na hayo 31, yaliyobaki bado ya Kiingereza, na nimeichomeka kwenye mashine ya baba mdogo kwa majaribio huku ROM yake ya asili nimeihifadhi kwenye sponji. Nikabonyeza B. PINDO. Nikaandika 4, ENTER, pembeni pote pakawa kijani.

Fundi, bodi zinakuja wiki ijayo, nne. Soketi za aisii za miguu 40 Kariakoo nimezikosa zile nzuri, unajua duka lenye nazo? Na kama una TR4 ya akiba niwekee moja kwa ajili ya hii ya baba mdogo.

fundi_gerezani

Ninazo mbili, njoo Jumatatu. Soketi pia ninazo, 8, usinunue zile nyembamba zinalegea. Na uje na mtoto, nataka nione hiyo PINDO.

kigamboni_pantoni

FOR na NEXT: HESABU na ENDELEA? HESABU n=1 MPAKA 10, afu chini ENDELEA n.

sinza_kumekucha

HESABU inanigusa, ENDELEA hapana, kuna CONTINUE itaitaka. Jaribu TENA. "TENA n".

upanga_stoo

TENA. Amekubali. 33.